Makuti Juu ya Saruji

Mtu akikuletea shairi ulihakiki, wewe mwanafunzi wa sekondari wajua pa kuanzia. Watazama vina na mizani, kisha wauliza kama kila neno limekaa mahali pake, na kama mtungaji alikuwa na jambo la kusema au alikuwa akipanga sauti tu. Lakini mtu akikuonyesha nyumba, wasema ni nzuri au ni mbaya, kisha wapita. Umefundishwa kupima kitu unachokisoma kwa nusu saa, wala hukufundishwa kupima kitu utakacholala ndani yake miaka yote ya maisha yako. Upungufu huu si wako, ni wetu sisi walimu, nami nataka kuulipa leo kwa kadiri niwezavyo.

Jambo nitakalolihakiki ni ahadi. Kampuni nyingi za wasanifu majengo, katika nchi yetu na katika nchi za mbali, hutoa siku hizi ahadi ya kujenga bila kuidhuru ardhi, wala maji, wala hewa, ili wazaliwa wa kesho wasirithi hasara ya starehe zetu. Ujenzi huo wameupa jina la ujenzi endelevu. Sina ugomvi na nia hiyo. Ninalosema ni kwamba ahadi ya msanifu haikai katika karatasi kama ahadi ya mshairi inavyokaa katika ubeti. Imo katika ukuta, katika paa na katika dirisha, na huko ndiko yapasa kwenda kuitafuta. Sisi tutaitafuta Kwale, katika ukanda wa pwani unaoanzia Waa na Tiwi, ukapita Diani na Gazi, hata Msambweni, ambako ndiko kwetu.

Muhula mmoja niliwachukua walimu wanafunzi wa chuo chetu nikawapeleka katika hoteli moja ya Diani, ambayo sitaitaja. Mlangoni tulipewa kijitabu kilichopigwa chapa kwa rangi nzuri, kikieleza kwamba kampuni iliyoisanifu imejifunga kuheshimu mazingira na ujenzi wa asili wa Waswahili na Wamijikenda. Tuliinua macho tukaona paa la makuti refu kama mwembe, limepauliwa kwa miti iliyonyooka, na kivuli chake kikubwa kikatupoza mara moja. Wanafunzi wangu walifurahi. Mimi pia nilifurahi, wala sioni haya kukiri, maana paa lile lilikuwa zuri.

Kisha tukaenda kwenye vyumba vya kulala. Huko makuti yalikuwepo vilevile, lakini yalikuwa yamelazwa juu ya bamba la saruji lililokwisha kuwa paa kamili kabla ya kuti la kwanza kupandishwa. Madirisha yalikuwa vioo vipana visivyofunguka, na mengi yalielekea magharibi, yakilikabili jua la alasiri. Nyuma ya kila chumba mlikuwa na kiyoyozi kikinguruma, na maji yakidondoka kutoka kwake kama jasho la mchukuzi. Msichana mmoja katika walimu wale, mzaliwa wa Lunga Lunga, alimwuliza fundi wa mitambo, "Ukizizima hizi, ndani pakoje?" Fundi alicheka akajibu, "Wageni wote wataukimbilia ufuko." Hakuna mhakiki aliyepata kuhukumu jengo kwa maneno machache kuliko hayo, naye hakujua kwamba amehukumu.

Yafaa tueleze kosa lenyewe lilipo, tusije tukaonekana tunamwonea mtu. Makuti si pambo. Yale tunayoyaita makuti ya viungo ni majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya upongoo na kushonwa moja baada ya moja, kisha yakafungwa juu ya pau kwa kufuatana karibu karibu, kuti juu ya kuti, hata paa likawa nene. Paa hilo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hukinga jua pasipo lenyewe kushika joto jingi. Huacha hewa ya moto iliyopanda juu itoke polepole katikati ya majani. Na kwa kuwa ni jepesi, huweza kurefushwa nje ya ukuta likafanya upenu, ukuta usipigwe na jua wala mvua. Lakini halina budi kuwa na mtelemko mkali, la sivyo maji husimama na majani yakaoza. Mtelemko ule mkali, ambao mgeni huupigia picha, haukutokana na mtu kupenda mistari mirefu. Ulitokana na mvua ya masika.

Sasa laza makuti hayohayo juu ya bamba la saruji. Hewa ya moto haiwezi kutoka, maana imezuiwa na bamba. Upenu hauwezi kukinga kioo kilichofika karibu na sakafu. Kazi pekee iliyobaki kwa makuti ni kuonekana. Ni kama kina kilichobandikwa mwishoni mwa mstari ambao hauna maana. Sikio laridhika, akili yabaki na njaa. Tena siku hizi yako makuti ya plastiki, ambayo hayaozi wala hayachakai upesi, na ambayo huuzwa kwa sifa hiyo. Mwenye kuyanunua amekiri kwa fedha zake kwamba alichokitaka tangu mwanzo kilikuwa sura.

Nenda sasa, msomaji, kwenye mlango wa mto Mwachema, mahali Tiwi na Diani zinapotazamana. Chini ya mibuyu utauona Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na ambao watu wanasali ndani yake hata leo. Ingia kwa adabu, vua viatu, usimame kimya kidogo. Kuta ni nene, matundu ni madogo, na jua la nje laonekana kama habari ya mji mwingine. Mawe yale yalichimbwa katika ardhi ileile ambayo msikiti umesimama juu yake, maana pwani yetu yote imelala juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe ya jamii hiyohiyo.

Katika nyumba kubwa za mawe za Waswahili, kuanzia Lamu hata Kilwa, liko jambo ambalo huwashangaza wageni: vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, mara nyingi upana wake haufiki hatua 4 za mtu mzima. Sababu yake ni mkoko. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki nafasi kubwa kuliko karibu mita 3 bila kupinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Kwa hiyo urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba, na upana wa chumba ukaamua kitanda kikae wapi na wageni waketi wapi. Fundi wa zamani hakuwa na haja ya kuandika kijitabu kuhusu kuheshimu mazingira. Mti ulimwambia mwisho wake, naye akatii, akatafuta uzuri ndani ya mpaka huo kama mshairi anavyoutafuta ndani ya mizani. Saruji yenye nondo haina ukali huo. Humruhusu msanifu afanye karibu kila analolitaka, na mtu aliyeruhusiwa kila kitu ni shida kwake kukumbuka yuko wapi.

Hapa wengi wa wanaozipenda nyumba za kale hukomesha hoja zao, wakasema basi turudi tulikotoka. Mimi siwezi kukoma hapo, kwa sababu si kweli kwamba kila kilichokuwa cha zamani hakikuwa na dhara. Tanuri la chokaa lilikula kuni nyingi mno. Mawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa hata yakalainika, na kila ukuta mweupe uliosifiwa na wasafiri ulikuwa na pahali fulani palipobaki visiki. Boriti nazo zilikatwa kwa makorija na kusafirishwa kwa majahazi hata Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Habari ya Gazi ni funzo kubwa zaidi, nayo ni jirani yetu. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya ghuba ile zilifyekwa zikawa kuni za viwanda. Matope yakabaki wazi kwa jua, samaki wakapoteza mahali pa kuzalia, na mawimbi yakapata njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa bahari wakaanza kuipanda upya pamoja na wanakijiji, mche baada ya mche, katika tope la magotini. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanza kazi iitwayo Mikoko Pamoja. Hutunza hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo na matope yake hufyonza na kuhifadhi kaboni nyingi, watu wa mbali huwalipa kwa utunzaji huo, na malipo yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Fikira iliyonipendeza kupita zote ni hii: waliona mapema kwamba mtu akikatazwa kukata mkoko bado atataka nguzo ya nyumba. Kwa hiyo wakapanda mivinje nchi kavu, ili mjenzi apate mti pengine. Hawakumwachia mtu maskini amri peke yake. Walimpa na mti.

Basi kampuni ikikuambia kwamba imetumia boriti za asili, usiseme ahsante upesi. Uliza boriti hizo zilikatwa wapi, nani alihesabu zilizobaki, na nani alipanda nyingine. Neno "asili" halijibu hata moja katika maswali hayo.

Saruji nayo yastahili haki yake katika uhakiki huu, maana ni rahisi kuitukana. Saruji hutengenezwa kwa kusaga mawe ya chokaa pamoja na udongo na kuyaoka kwa moto wa digrii 1,450 hivi. Moto huo huhitaji makaa na mafuta. Zaidi ya hayo, jiwe lenyewe likiungua hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa sababu hizo mbili wataalamu hukadiria kwamba saruji huleta sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuoka saruji mwaka 1954, na mawe yake ni matumbawe ya kale yaleyale yaliyojenga misikiti yetu. (Huko ndiko René Haller alikoanza, mwaka 1971, kupanda mivinje katika mashimo yaliyochimbwa, hata jangwa lile la mawe likageuka msitu wenye ndege na viboko. Nalitaja kwa sababu ni haki kulitaja.) Lakini saruji pia ndiyo iliyowapa watu wa vijijini sakafu isiyo na funza, na matangi ya maji, na misingi ambayo mchwa hauli. Neno langu si kwamba isitumike. Neno langu ni kwamba itumike pale ambapo kitu kingine hakiwezi, kama chumvi.

Sasa sina budi kusema habari zangu mwenyewe, maana mhakiki anayeficha makosa yake hastahili kusikilizwa juu ya makosa ya wengine.

Mama yangu alikuwa na nyumba ya kukandika huko Msambweni: fito za miti, udongo mwekundu, makuti ya viungo, na baraza mbele. Nilipopata kazi na mshahara, jambo la kwanza nililolitaka ni kumwondolea makuti. Kuezeka upya kila baada ya miaka 5 au 8 ni gharama, na makuti mazuri hayapatikani kama zamani, kwa kuwa minazi mingi ya Kwale imezeeka. Tena, kwa nini nifiche, nilitaka watu wapitao barabarani waone kwamba yule mwalimu amemjengea mama yake. Nikajenga kwa matofali ya mawe ya Tiwi na saruji, nikaezeka mabati, nikaliteremsha paa karibu sana na kuta ili nisinunue mbao nyingi. Nilichora ramani kwa mkono wangu juu ya karatasi ya mitihani.

Kwale iko digrii 4 hivi kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini hasa, na siku nyingine zote haliendi mbali. Kwa hiyo katika nchi yetu si ukuta unaopigwa sana na jua bali ni paa. Haya niliyasoma katika jiografia, nikayafanyia mtihani, nikayafaulu, kisha nikamjengea mama yangu paa la bati bila dari. Mwezi wa Machi wa kwanza, wakati kaskazi imelegea na kusi haijaanza, nilifika nyumbani saa nane mchana nikamkuta amelala katika banda la jikoni, chini ya makuti machakavu yaliyobaki. Nikamwuliza kwa nini hayumo ndani. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nyumba ni nzuri na wageni huketi humo. Lakini umenijengea tanuri."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wasanifu kwa jicho lisilo la msomaji wa kawaida. Nimepata waliotimiza ahadi, na mmoja nitamtaja kwa urefu kidogo, kwa kuwa kosa langu ndilo alilolishughulikia. Francis Kéré ni mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kusomea ufundi, na kabla hajamaliza masomo ya usanifu alikusanya fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwake, iliyokwisha mwaka 2001. Wanakijiji walibeba mawe na maji na kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya kuta akaweka dari ya matofali ya udongo yenye nafasi, kisha, juu kabisa, mbali na dari, paa la mabati lililoinuliwa kwa nondo nyembamba zilizochomelewa palepale. Upepo hupita katikati ya dari na bati, hulipokonya bati joto lake kabla halijashuka, na hewa ya moto ya darasani hupanda ikatokea humo. Bati ni lilelile linalouzwa Ukunda. Tofauti yote imo katika nafasi tupu iliyoachwa kati ya paa na dari. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa katika fani hiyo.

Kampuni yake imejenga na katika nchi yetu pia. Ufukoni mwa Ziwa Turkana liko jengo la kufundishia vijana kazi za kompyuta, lililomalizika mwaka 2021, lenye minara mirefu iliyofanana na vichuguu vya mchwa. Minara hiyo huvuta hewa ya moto juu na kuacha hewa ya chini iingie, hata mitambo isikingwe na vumbi kwa gharama ya viyoyozi. Ukiona picha yake waweza kudhani ni pambo. Lakini ondoa minara, na jengo halitakalika. Hiyo ndiyo tofauti yake na makuti yale ya Diani. Kadhalika kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kampuni ya MASS ilijenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa mawe ya volkano ambayo wakulima waliyaona kuwa kero mashambani mwao, na waashi wa hapo walioyachonga walipata ufundi waliokwenda nao katika kazi nyingine.

Je, tuwaite hao waje watujengee Kwale vilevile? Hapana, wala wao, nadhani, hawangekubali. Gando na Turkana ni nchi kavu. Ukuta mzito wa udongo hufaa mahali ambapo mchana ni moto na usiku hupoa sana, maana hujipoza usiku ukaishi kwa ubaridi huo mchana kutwa. Usiku wa pwani haupoi hivyo. Hewa yetu ni nzito kwa maji ya bahari, na jasho halikauki pasipo upepo. Sisi kitu chetu cha kwanza ni upepo: kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili na kuendelea. Chumba cha pwani chataka matundu pande mbili zinazokabiliana, ukuta usiozuia, na upenu mpana wa kuruhusu dirisha libaki wazi mvua inaponyesha. Msanifu anayeichukua minara ya Turkana na kuisimamisha Galu atakuwa amefanya kosa lilelile la makuti juu ya saruji, isipokuwa amelitoa mbali zaidi.

Nirudi kwa hoteli yetu, maana sikuimaliza, na nisipoimaliza nitakuwa nimedhulumu. Wajenzi wake walikuwa wameiacha miti mikubwa ya msitu wa Diani isimame, wakazungusha majengo katikati yake, na mbega walikuwa wakivuka juu ya vichwa vyetu kutoka tawi hadi tawi. Msitu ule ulikuwa mmoja na mrefu. Sasa umebaki vipande vipande, hata watu wenye huruma wamelazimika kutundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wasigongwe na magari. Maji machafu ya hoteli yalisafishwa yakanyweshea bustani, nasi tulionyeshwa mabwawa yenyewe, si picha zake. Mambo hayo kijitabu kiliyataja kwa mstari mmoja tu, karibu na mwisho. Makuti kiliyapa kurasa 4. Nikaona kwamba kampuni ile haikujua ni lipi katika matendo yake lililokuwa la kweli, na hilo lilinisikitisha kuliko viyoyozi.

Wewe utakapohakiki jengo, iwe ni hoteli, au bweni lenu, au afisi ya chifu, nenda saa saba mchana. Usiende asubuhi, maana asubuhi kila nyumba ni nzuri. Keti ndani bila kuwasha kitu chochote. Tazama nywele za mkononi mwako kama upepo wazigusa. Gusa upande wa ndani wa ukuta wa magharibi. Uliza nani atatengeneza kitu hiki kikiharibika, na kama fundi huyo hukaa Msambweni au Nairobi au ng'ambo. Uliza mvua ya paa yaenda wapi. Kisha soma kijitabu.

Mvua ndiyo iliyonitatiza mimi katika kurekebisha kosa langu. Nilipomwambia mama kwamba nitang'oa mabati na kurudisha makuti, alikataa kabisa, nami sikutazamia. Bati, alisema, lampa maji. Tangu nilipoweka milizamu na tangi, maji ya masika humfikisha mbali, naye hatarudi kuchota kisimani maji ya chumvichumvi kwa sababu mwanawe amesoma kitabu. Isitoshe, nyumba ya zamani ilikuwa wazi chini ya paa, na mbu waliingia humo kila magharibi kama wapangaji. Nilinyamaza. Alikuwa amehakiki nyumba zote mbili kwa usawa kuliko nilivyofanya mimi.

Kwa hiyo nimemwita fundi wa kwetu, mzee aliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa ule, tukakaa kwenye jiwe chini ya mkorosho na kuchora. Mabati yatabaki, lakini yatainuliwa juu ya kuta kiasi cha dhiraa moja na nusu, kwa nguzo za mvinje ulionunuliwa kwa aliyeupanda. Chini yake tutafunga dari ya makuti, ambayo haitapigwa na mvua tena na kwa hiyo itadumu. Nafasi iliyo kati yake itaachwa wazi kwa kusi na kaskazi, ikazibwa kwa wavu wa mbu pande zote. Milizamu itabaki ilipo. Fundi aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Mwalimu, hapa sasa paa litapumua," nikajiona kama mtu aliyefaulu mtihani wa pili.

Mama alikuja na uji wa muhogo, akaiinamia ile karatasi, akaifuata mistari kwa kidole mpaka mbele ya mlango. Akauliza, "Na baraza iko wapi?"

Sikuwa nimeichora. Nyumba ya kwanza ilikuwa nayo, ya pili niliinyima, na katika hii ya tatu nilikuwa nimefikiri habari za bati na upepo na mbu, nisifikiri habari za mahali ambapo majirani wake wangeketi jioni. Fundi akanipa kalamu.